Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Hoima, bei ya Arusha na lita zinazopungua njiani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Barua zilizofuata, nyingi zikitoka Moshi, Arusha na miji iliyo kati yake, zimezidi matarajio yangu, na karibu zote zimejengwa juu ya dhana kwamba mafuta ghafi na petroli ni kitu kimoja. Nimechagua barua sita. Nitakaa zaidi kwenye zile ambazo jibu lake linagusa mifuko na usalama wa watu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Machame. Kama mafuta ya Uganda yatafika Tanga, na sisi wa kaskazini tunachukua mafuta yetu hapo hapo Tanga, kwa nini malori yasiyachote na kutuletea petroli ya bei nafuu? Na kile kiwanda cha Kigamboni tulichokuwa tukiwafundisha watoto katika jiografia kiliishia wapi?

Shikamoo, Mwalimu. Lori likichota kilichomo ndani ya bomba la Hoima, mzigo wake utaanza kuganda kadiri unavyopoa. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, na hushikana katika joto la kawaida la mazingira kama mafuta ya nazi yanavyoshikana katika chupa asubuhi za Juni huko kwenu Machame, ila haya hushikana hata siku ambayo wewe na mimi tungeiita ya joto. Ndiyo maana bomba hilo lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake ziko Tanzania, limevikwa kizuia joto na kufungwa nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzijoto 50 hivi kuanzia Hoima hadi baharini.

Hata kama yangekuwa mepesi kama maji, bado yasingewasha pikipiki. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa mamia ya vitu vilivyotengenezwa na kaboni na haidrojeni, kuanzia gesi nyepesi kabisa hadi vitu vizito kama lami, na kila kimoja huchemka kwa joto lake. Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kuvitenganisha kwa kukeneka. Mafuta hupashwa katika tanuri hadi karibu nyuzijoto 350, yakageuka mvuke kwa sehemu kubwa, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu wenye sahani nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mnara una joto kali chini na hupoa kadiri unavyopanda, kwa hiyo kila aina ya mvuke hupanda mpaka inapofika mahali penye ubaridi wa kuigeuza tena kuwa kimiminika, ikatua kwenye sahani ya hapo na kuchotwa kwa mrija wake. Gesi ya mitungi hutoka juu kabisa; chini yake hutoka nafta, ambayo ndiyo malighafi ya petroli; hufuata mafuta ya taa pamoja na ndugu yake mafuta ya ndege, kisha dizeli, na chini kabisa hubaki mabaki mazito.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mnara peke yake hutoa kila bidhaa kwa kiasi kilichokuwemo ndani ya mafuta ghafi, na soko halijali kiasi hicho. Watu wanataka petroli na dizeli nyingi, mabaki mazito kidogo. Kiwanda cha kisasa kwa hiyo huongeza mitambo mingine: mmoja wa kuvunja molekuli ndefu ziwe fupi kwa msaada wa kichocheo, mwingine wa kuipanga upya nafta ili iweze kuchomeka ndani ya injini bila kugonga, mwingine wa kuondoa salfa kwa kutumia haidrojeni. Mitambo hiyo ni ghali mno, na hurudisha gharama yake pale tu inapopitisha mafuta mengi kila siku. Kiwanda cha Jamnagar nchini India hupitisha zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku, na kile cha Dangote kilichoanza kazi karibu na Lagos mwaka 2024 kimejengwa kwa ajili ya mapipa 650,000.

Kiwanda cha Kigamboni, TIPER, kilichojengwa miaka ya 1960 kwa ubia wa serikali na Waitaliano, kilikuwa kidogo na cha namna ya zamani. Kilitoa mabaki mazito mengi ambayo wanunuzi wake walikuwa wachache, na kilipolazimika kushindana na meli zinazoleta bidhaa zilizokwisha kusafishwa, hesabu haikukubali. Kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa karne iliyopita na sasa ni ghala la kuhifadhia. Cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963, kilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2013. Kisha viwango navyo vikapanda: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zinataka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, kiwango ambacho viwanda vya zama zile havikuundwa kukifikia. Mimi binafsi naamini kupotea kwa viwanda hivyo kulitunyima ujuzi ambao vijana wetu wangeurithi, lakini siwezi kukudanganya, Mwalimu, kwamba vingetuuzia petroli ya bei nafuu.

Mafuta ya Hoima, basi, yakifika Chongoleani yatakaa katika matangi na kupakiwa melini kwenda kwa yeyote mwenye kiwanda kinachoyamudu. Sisi tutapata ada ya kupitisha, ajira na sehemu yetu ya hisa kupitia TPDC, shirika la mafuta la taifa, ambayo ni asilimia 15. Petroli ya Machame itaendelea kuja Tanga kwa meli nyingine kabisa.

Nina magari matatu ya kubebea watalii hapa Sakina, Arusha. Nikisikia redioni kwamba pipa limeshuka kwa asilimia 10, nasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya kutangazwa bei mpya, kwa hamu, lakini bei ya dizeli ikishuka hushuka kidogo tu, na wakati mwingine hupanda. Nani anakula tofauti hiyo?

Ndugu yangu, nitakujibu kwa tarakimu za mfano, ili uweze kubadilisha mwenyewe na kuweka za mwezi unaoutaka. Pipa moja ni lita 159. Tuseme pipa la mafuta ghafi linauzwa dola 80. Hiyo ni karibu senti 50 kwa lita. Likishuka kwa asilimia 10 hadi dola 72, lita imepungua senti 5. Kwa dola ya Sh 2,600, umepata nafuu ya Sh 130. Kama lita kwenye pampu ilikuwa Sh 2,900, nafuu hiyo haifiki hata asilimia 5, na bado hakuna mtu aliyeila. Sababu ni kwamba ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo nyinginezo hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, nazo hazishuki pipa linaposhuka. Kadhalika nauli ya lori kutoka Tanga na faida iliyopangwa kwa muuzaji wa jumla na wa rejareja.

Jambo la pili ni kwamba redio inakutajia bei ya mafuta ghafi, na nchi yetu hainunui mafuta ghafi. Inanunua dizeli na petroli zilizokwisha kusafishwa, ambazo bei yake katika soko la Ghuba ya Uarabuni ina mwendo wake yenyewe. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, dizeli ilipanda kwa kasi kuliko mafuta ghafi yaliyoizaa, kwa kuwa Ulaya ilikuwa ikiitafuta kila mahali na viwanda haviwezi kugeuza petroli iwe dizeli kwa kufungua valvu. Huo ndio mwaka ambao serikali yetu ililazimika kuanza kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 mwezi Juni.

Jambo la tatu ni muda. Mafuta unayojaza leo yalipangiwa bei, yakapakiwa, yakasafiri, yakasubiri zamu ya kushusha na kulala ghalani kabla hayajafika Sakina, na bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hufuata shehena hiyo iliyokwisha nunuliwa. Taarifa ya redio ya asubuhi hii inahusu mafuta ambayo bado hayajapanda meli ya kuja kwetu. Kuchelewa huko huko hukuumiza bei ikishuka na kukusaidia bei ikipanda, ingawa najua siku za kusaidiwa hatuzihesabu.

Ushindani nao upo, lakini si mahali ambapo wengi wanapadhania. Kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, kampuni za kimataifa hushindania zabuni ya kuleta meli, na kinachoshindaniwa ni ile nyongeza inayowekwa juu ya bei ya soko, ambayo wafanyabiashara huiita primiamu: nauli ya meli, bima, hatari na faida ya muuzaji. Bei ya soko yenyewe hakuna mzabuni anayeipunguza. Kwa hiyo ukitaka kujua kama tumenunua vizuri mwezi fulani, acha bei ya pipa, tazama primiamu na thamani ya shilingi, kisha tazama ni bandari ipi iliyotumika katika hesabu ya mkoa wako. Arusha, Kilimanjaro na Manyara huhesabiwa kwa Tanga.

Nasimamia kituo cha mafuta Usa River. Mara kwa mara lori linapakia lita 36,000 za petroli Tanga, likifika kwangu nikipima nakuta pungufu ya lita mia mbili na zaidi. Lakiri ziko salama. Bosi anasema ni wizi na anataka dereva alipe. Nimuamini nani?

Dada yangu, swali lako limenigusa kuliko yote, kwa sababu kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani wa vipimo katika ghala moja la mafuta, na niliwahi kumwona dereva mzee akikatwa mshahara miezi minne mfululizo kwa lita ambazo hakuziiba. Lita hizo zilikuwa zimesinyaa.

Mafuta hutanuka yakipata joto na kusinyaa yakipoa, na petroli hufanya hivyo kuliko dizeli. Kwa kila nyuzi moja ya joto, petroli hubadilika ujazo kwa takribani sehemu 12 katika 10,000, na dizeli takribani sehemu 8. Tuseme lori lako lilipakia petroli yenye nyuzijoto 30 katika jua la Tanga, likasafiri usiku kupitia Korogwe, Same na Himo, likafika kwako alfajiri mafuta yakiwa na nyuzijoto 24. Zidisha 36,000 kwa nyuzi 6 na kwa sehemu hizo 12 katika 10,000: unapata karibu lita 260. Uzito wa mafuta haujapungua hata kilo moja, na nguvu yake ya kuendesha gari ni ile ile. Kilichopungua ni nafasi yanayoijaza.

Biashara ya mafuta inalijua jambo hili siku zote, ndiyo maana ghalani kiasi huandikwa mara mbili: lita kama zilivyopimwa katika joto la siku ile, na lita zilizorekebishwa kuwa kana kwamba mafuta yana nyuzijoto 20. Karatasi ya kupakilia inapaswa kuonyesha vyote viwili, pamoja na joto na uzito wa mafuta kwa ujazo. Mara nyingi kosa huanzia hapa: mtu analinganisha lita za joto la Tanga na lita za ubaridi wa Usa River kana kwamba ni kitu kimoja.

Fanya hivi. Lori likifika, lisimame mahali tambarare kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili mafuta yatulie na maji yoyote yashuke chini. Kagua namba za lakiri moja moja dhidi ya karatasi, za juu na za chini. Pima kila chumba cha tangi kwa kijiti, huku ncha yake ikiwa imepakwa ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Chota kidogo, pima joto kwa kipimajoto na uzito kwa haidromita, kisha tumia jedwali la kurekebisha ujazo ili upate lita za nyuzijoto 20. Linganisha hizo na lita za nyuzijoto 20 za Tanga. Zikikaribiana, dereva wako hana deni. Pakibaki pengo kubwa baada ya marekebisho hayo, hapo una haki ya kuuliza maswali magumu, na usianze na dereva peke yake. Mita ya kupakilia nayo hukosea, na Wakala wa Vipimo yupo kwa ajili hiyo.

Naomba umsomee bosi wako aya hizi kabla ya mwisho wa mwezi.

Niko kidato cha sita, Moshi. Nimesoma kwamba mwaka 2020 mafuta yaliwahi kuuzwa kwa bei chini ya sifuri. Inawezekanaje?

Ilikuwa tarehe 20 Aprili 2020, na bei iliyofunga siku hiyo ilikuwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Lakini angalia ni kitu gani hasa kilichouzwa. Kilikuwa mkataba wa kupokea mafuta ghafi ya Marekani, yale yaitwayo West Texas Intermediate, katika mji wa Cushing, Oklahoma, mwezi Mei. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000. Wengi wanaonunua mikataba ya namna hiyo hawana hata debe la kuwekea mafuta. Hununua wakitarajia kuiuza kabla muda haujaisha, na wengine, kama mashirika ya ndege na wasafishaji, huitumia kujikinga na mabadiliko ya bei. Mkataba wa Mei ulikuwa unakwisha siku iliyofuata. Korona ilikuwa imesimamisha magari na ndege duniani kote, matangi ya Cushing yalikuwa yanakaribia kujaa au yamekwisha kukodishwa, na aliyebaki na mkataba mkononi alipaswa kwenda kupokea mafuta asiyokuwa na pa kuyaweka. Kwa hiyo alimlipa mwingine ayachukue.

Mafuta ghafi ya Brent, yatokayo Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ambayo hupakiwa melini na kwa hiyo huweza kupelekwa popote penye tangi, hayakushuka chini ya sifuri siku hiyo. Hapa kwetu bei za pampu zilishuka katikati ya mwaka huo, ila kwa sababu nilizomweleza ndugu wa Sakina hazingeweza kufika sifuri hata kama mafuta yenyewe yangetolewa bure.

Naendesha bodaboda Himo. Kuna petroli ya chupa inauzwa barabarani kwa bei nafuu kuliko sheli. Wenzangu wanasema imechanganywa na mafuta ya taa lakini pikipiki inakwenda tu. Ina madhara gani?

Inakwenda, lakini inakuharibia. Mafuta ya taa huchemka kwa joto kubwa kuliko petroli na huwaka ovyo yanapobanwa, kwa hiyo injini huanza kugonga ikipanda mlima. Yasiyoungua huacha masizi na mengine huteremka yakaizimua oili. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha alama, ilhali lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Kipimo hicho ni cha kukisia tu. Kipimo cha uhakika ni cha wakaguzi, wanaotafuta vinasaba, yaani kemikali za alama, vinavyowekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi tangu mwaka 2010. Uchakachuaji ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee, na waliolipa gharama ya uamuzi huo ni pamoja na wazazi waliokuwa wakisomesha watoto kwa taa za koroboi.

Hofu yangu kubwa, mdogo wangu, ni chupa yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko ya kilele cha Kibo, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la mama lishe lililo hatua kadhaa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto uliofuata uliua zaidi ya watu 100, wakiwemo vijana wengi wa kazi yako. Lori likipinduka njia ya Himo, geuza pikipiki uondoke, na usiwashe injini karibu na mvuke huo. Na usimpe kamwe mama nyumbani mabaki ya chupa hiyo ayatie kwenye jiko la utambi: mafuta ya taa yakiwa na petroli kidogo tu ndani yake, jiko huweza kulipuka.

Je, ni kweli kwamba lami ya barabara yetu ya Arusha hadi Holili imetoka katika mafuta hayo hayo? (Msomaji, Tengeru.)

Lami hutoka katika mafuta ghafi, ndiyo. Yale mabaki mazito yaliyobaki chini ya mnara huingizwa katika mnara wa pili ambamo hewa imepunguzwa, ili yachemke bila kuungua. Kinachokataa kuchemka hata humo ndicho lami. Si kila mafuta ghafi hutoa lami nzuri, lakini. Yenye nta nyingi, kama haya ya Hoima, kwa kawaida hutoa lami dhaifu inayolainika upesi juani, na wajenzi wa barabara hupendelea inayotokana na mafuta mazito ya aina nyingine.